Mifuko ya Karamu

Jumapili, 6 Desemba 2009
Kitengela

Mvua inanyesha tangu jana asubuhi. Baada ya mwaka mzima wa vumbi na ng'ombe waliokufa, hakuna anayethubutu kuilalamikia, hata kama udongo mweusi ulikimeza kiatu changu nje ya kanisa leo na nikakichokoa kwa ncha ya mwavuli huku kwaya nzima ikinitazama. Niko saiba sasa, naandika blogu hii kwa kompyuta ya kukodi, soksi moja imelowa. Nina furaha na nina aibu, na sijui nianze na ipi.

Jana ilikuwa Siku ya Kalamu. Naliandika neno hilo polepole, herufi moja moja. Mtaelewa kwa nini.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: Siku ya Kalamu ni mkutano wetu sisi mashabiki wa vitabu vya katuni. Tunakodi ukumbi wa mabati nyuma ya soko. Watu wanabadilishana vitabu, wanachora kwenye karatasi kubwa zilizobandikwa ukutani, na wengine wanakuja wamevaa kama wahusika waliowabuni wenyewe. Jana mwalimu mmoja wa hesabu alikuja na mabawa ya katoni. Mvua iliyala yote kabla hajafika mlangoni. Akabaki na waya mtupu mgongoni, na bado alizunguka ukumbi kifua mbele kana kwamba anaweza kuruka wakati wowote.

Nawapenda watu hawa. Hakuna anayewacheka.

Mimi sichori. Mimi nauza. Meza yangu ina beji, stika na mabango, na safari hii ilikuwa na mifuko ya kitambaa. Kazi hii inanifaa kwa sababu bidhaa zinaongea zenyewe. Mtu anashika, anatabasamu, anauliza bei, nami nimeshaiandika kwenye kadi. Nilikuwa naweza kumaliza siku nzima kwa kutikisa kichwa.

Sipendi kuongea, na sababu yake ninaijua hadi siku. Nilikuwa kidato cha pili, mwaka wa uchaguzi, nikapewa zamu ya kusoma habari kwenye paredi. Nikasoma vizuri mpaka pale niliposema kwamba wananchi wote wenye vitambulisho watapiga kula. Shule nzima ikaanguka kicheko. Nyumbani kwetu sisi sote tunaongea hivyo, baba, mama na nyanya. L na R kwetu ni kama mapacha, tunaita yeyote na yeyote anaitika. Lakini shuleni niliitwa Piga Kula mpaka siku ya mtihani wa mwisho.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuniita hivyo. Fartun.

Tulikaa dawati moja miaka minne. Mama yake ana duka la vitambaa hapa mjini, na Fartun anachora chini ya kaunta wateja wakiisha. Mhusika wake anaitwa Mama Kokoto. Ni mwanamke anayevunja mawe kwenye machimbo, na akikasirishwa anajitwika machimbo yote kichwani kama ndoo ya maji na kuondoka nayo. Hiyo picha, Mama Kokoto na machimbo kichwani, ndiyo tuliyoiweka kwenye mifuko. Ilikuwa mara ya kwanza mchoro wa Fartun kutoka kwenye daftari. Kitambaa alitoa mama yake, mifuko nikashona mimi, na kuchapisha tulimpa fundi mmoja wa Kajiado, mzee anayeitwa Baba Njeri.

Sasa nifike kwenye aibu.

Picha ilitangulia kwenda Kajiado pamoja na mifuko. Maneno ya kuandikwa chini yake yalibaki, kwa sababu kamati ilikuwa bado inabishana kuhusu jina la siku. Walipokubaliana, kazi ya kumjulisha fundi ikawa yangu. Baba Njeri hasomi SMS, anasema macho yake si ya simu. Ikabidi nimpigie. Nilifanya mazoezi nikiwa peke yangu jikoni. Kisha nikapiga, nikasema, naye kwa uangalifu wake akataka kuhakikisha.

"Ni herufi gani hiyo ya katikati, mami? Ile ya Rose ama ile ya Lucy?"

Hivyo ndivyo alivyotaka kuuliza. Mdomoni mwake yalitoka majina mawili, Rosi na Rusi.

"Ya Rusi," nikajibu.

"Sawa sawa, ya Rusi," akasema, na sote wawili tukakata simu tukiwa tumeridhika kabisa.

Alhamisi mzigo ulifika. Tuliufungua dukani kwa kina Fartun. Mama Kokoto alikuwa ametoka vizuri kuliko nilivyowahi kumwona, mpaka mishipa ya shingo ilionekana. Chini yake, kwa herufi kubwa nyeusi: SIKU YA KARAMU. Rusi wangu wa L alikuwa amefika Kajiado kama Rosi wa R.

Fartun hakupiga kelele. Aligeuza mfuko wa pili, wa tatu, wa kumi. Kisha akauliza, "Nani alifanya hivi?"

Nikasema, "Ni fundi."

Maneno mawili tu. Hayakuwa na L wala R, yalitoka safi.

Fartun alimtukana fundi huyo kwa Kisomali, kisha kwa Kiswahili ili nami nifaidike. Nilikunja mifuko. Nilijiambia kwamba Kajiado ni mbali, kwamba mzee hatajua, na kwamba yeye ni mtu mzima, hawezi kuumizwa na hasira ambayo hajaisikia.

Jana asubuhi nilipanga meza, nikaweka mifuko nyuma ya mabango. Fartun akaitoa mbele. "Acha waone picha," akasema. Mtu wa kwanza kuona alikuwa mlinzi wa ukumbi, mzee wa Kimaasai mwenye koti refu la mvua. Alisoma kwa kidole, taratibu.

"Sopa, wasichana. Kumbe kuna karamu? Nyama inaanza saa ngapi?"

"Hakuna nyama, mzee," Fartun akasema.

"Mnaandika karamu na hamjachinja hata mbuzi?" Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli kabisa. "Nitarudi saa saba niangalie tena."

Baada ya hapo kila aliyepita alikuwa na lake. Pilau iko wapi? Soda ni ya bure? Mwalimu wa mabawa aliuliza kama anaweza kuwekewa sahani. Fartun alicheka na wote, lakini nilimwona akiupapasa ule mchoro kila wakati, kama mtu anayemtuliza mtoto.

Kisha nikaona buti za mpira mlangoni, na juu yake suti ya kahawia ya kwendea kanisani.

Baba Njeri alikuwa amesafiri kutoka Kajiado kwenye mvua ile. Hakuwa na kazi huku. Alitwambia kwamba miaka yote amechapisha fulana za harambee na za mazishi na hajawahi kuona watu wakifurahia kazi yake, kwa hiyo amekuja kuona mifuko ikibebwa. Alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa anatabasamu.

Fartun akasimama. "Mzee, kwa heshima yako yote. Wewe ndiye ulituharibia?"

Akamwonyesha. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu na ikabidi aseme kwa sauti, kwa hiyo meza za jirani zikageuka. Alimwambia kwamba amengoja mwaka mzima. Alimwambia kwamba hata mtoto wa nasari anajua tofauti ya kalamu na karamu. Mzee aliushika mfuko, akausoma, akanitazama. Niliona akiikumbuka ile simu. Niliona akiikumbuka yote.

Akavua kofia. "Nisameheni, wasichana wangu. Ni haya masikio ya uzee."

Nilitamani Mama Kokoto anibebe na machimbo yake.

"Ni mimi," nikasema.

"Nini?" Fartun akauliza. Mvua.

"Nimesema ni mimi nilikosea."

"Wairimu, sikusikii!"

Kwa hiyo mimi, ambaye sijawahi kupaza sauti hata kuita kuku, nilipiga kelele katikati ya ukumbi: "NI MIMI NILISEMA KARAMU! KWA SIMU! FUNDI HANA MAKOSA, NILIKUDANGANYA!"

Hiyo waliisikia mpaka wachoraji wa ukutani. Mwalimu aligeuka na waya wake ukaangusha beji zangu zote.

Baba Njeri, masikini, akaingilia ili kuniokoa, akaeleza habari ya Rosi na Rusi. Fartun akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Ngoja. Semeni tena. Mmoja mmoja."

Tukasema. Tulijitahidi sana. Yalitoka Rosi na Rusi, mara mbili, na mzee akaongeza kwa fahari, "Unaona tofauti?"

Fartun alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, nikadhani yameisha.

Hayakuwa yameisha. Alipofuta machozi alisema kwa sauti ndogo, karibu na sikio langu, "Neno si shida, Wairi. Mimi hata sikujali neno. Alhamisi ulinitazama machoni." Akachukua kiti chake akakipeleka upande wa pili wa meza.

Basi nikauza. Sikuwa na la kupoteza tena, nusu ya ukumbi ilikuwa imeshasikia lugha yangu ikipiga mabati. Kila aliyeuliza nyama iko wapi nilimweleza kisa chote, na simu, na Rusi. Waliniomba niseme tena. Nilisema. Walicheka, lakini hakuna aliyenifanya nijisikie mdogo, na wengi waliondoka na mfuko. Baba Njeri alisimama kando yangu akimfungia kila mnunuzi mfuko wake kwenye karatasi kama keki ya harusi. Mlinzi alirudi saa saba kama alivyoahidi, akakuta bado hatujachinja, akachukua mmoja hivyo hivyo.

Mara nikasikia, "Angalia."

Fartun alikuwa mlangoni. Nje, mama mmoja tusiyemjua alikuwa anavuka matope mbio, amejifunika mfuko wetu kichwani, na Mama Kokoto juu yake anaonekana wazi, amebeba machimbo yake kwenye mvua. Tulimwangalia mpaka akapotea nyuma ya vibanda vya soko. Fartun alikuwa ameshika mkono wangu na sidhani alijua.

Tulipoagana alisema tu, "Tutaongea." Hajasema amenisamehe. Sikumwuliza.

Tangu jana kuna jambo linanikwaruza. Watu wa kamati wamenitumia SMS kusema nilikuwa jasiri. Lakini nilisema kwa sababu mzee alikuwa amesimama mbele yangu na kofia mkononi. Kama mvua ingemzuia Kajiado, ningemwambia Fartun lini? Nimekaa na swali hili tangu ibada, na jibu la kweli ni kwamba pengine nisingemwambia kamwe. Ningeacha amchukie mzee wa watu mpaka tuzeeke.

Hilo bado hajalisikia.

Fartun husoma shajara hii, huwa wa kwanza. Sitaki alisome hapa. Kwa hiyo leo nayahifadhi tu maneno haya, siyachapishi. Kesho nitafika dukani kwao mapema, kabla mama yake hajatoa marobota nje, nimwambie kwa mdomo wangu, na R zangu na L zangu zitoke vyovyote zitakavyotoka.

Ukiyaona haya hapa, ujue nimeshamwambia.