Kitufe cha Bara, Kitufe cha Pwani

Jumatano, mwisho wa Septemba. Tabora.

Jua la leo halina adabu. Tangu saa tatu asubuhi mabati ya gereji yalikuwa yanalia kwa joto, na vumbi la barabarani liliingia mpaka kwenye chai. Mvua bado. Wakulima wa tumbaku wanataka matrekta yao kabla haijanyesha, kila mmoja anataka lake liwe la kwanza, na mimi leo sikuwa na moyo wa kumchekea mtu yeyote.

Leo nimefunga winchi mpya.

Kwa msionijua: mimi ni fundi umeme katika gereji ya matrekta, mwanamke peke yangu kati ya wanaume saba. Winchi ninayoisema ni ile ya umeme, ya mnyororo, inayoning'inizwa kwenye boriti ya chuma ili kunyanyua injini. Unaiendesha kwa kidude kinachoning'inia kwenye waya, chenye vitufe viwili: mshale wa juu na mshale wa chini. Hakuna kitu rahisi kuliko hicho.

Ya kwanza niliifunga mimi pia. Ndiyo iliyomtoa mguu Kibwana.

Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu na kuifuta. Mara ya kwanza niliweka "ajali iliyompata Kibwana". Mara ya pili nikaweka "bahati mbaya". Basi, ibaki hivyo ilivyo.

Kibwana ndiye fundi wetu mkuu wa injini. Mzaramo wa Kisarawe, alikuja Tabora kwa treni akiwa kijana akasahau kurudi. Mimi ni Mnyamwezi wa hapa hapa mjini. Kwa hiyo sisi ni watani, na utani wetu haukuanza jana. Wazee wangu walibeba mizigo kwa miguu kutoka huku hadi pwani, wakapita kwao, wengine wakafia njiani na kuzikwa na watu ambao hawakuwa ndugu zao. Tangu wakati huo Mnyamwezi na Mzaramo wanatukanana mpaka msibani, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

Miaka tisa tumefanya kazi pamoja, Kibwana hajawahi kuniita Zuhura. Jina langu kwake ni Mpagazi. "Mpagazi, njoo uangalie hii betri." "Mpagazi, leo umebeba nini kwenye kikapu?" Na mimi sikumwacha. Nilishamwahidi mara nyingi kwamba akifa nitamzika kichwa chini, apate kuchungulia kwao Kisarawe vizuri. Tulicheka mpaka wateja wakasahau walichofuata.

Nampenda kama kaka yangu wa tumbo moja. Ningemwambia hivyo mbele ya watu, angeniuliza nimekula nini.

Siku niliyofunga ile winchi ya kwanza ilikuwa Ijumaa. Nilikagua boriti, nikakaza bolti, nikaunganisha waya wa ethi unaokwenda ardhini na zile nyaya tatu za umeme, fezi. Nikashuka ngazi, watu wakasogea kutazama, nikabonyeza mshale wa juu.

Ndoano ikashuka.

Fundi umeme yeyote anajua maana yake. Nyaya mbili za fezi zimepishana, mota inazunguka kinyume. Dawa yake haihitaji elimu kubwa: unazima swichi kuu, unapanda ngazi, unazibadilisha nafasi hizo nyaya mbili, unashuka. Ila Kibwana alikuwa ameshaanza. "Winchi ya Kinyamwezi hiyo! Unaiambia ipande, yenyewe inakimbilia pwani kutafuta mzigo!" Nikamjibu kwamba imesikia sauti ya Mzaramo ikaona aibu, ndiyo maana imeinamisha kichwa. Gereji nzima hoi kwa kicheko. Adhana ya Ijumaa ikaanza, watu wakawa wanakimbilia maji ya kutawadha, na Kibwana akachukua tepu nyeupe na maka peni. Kwenye mshale wa juu akabandika PWANI. Kwenye mshale wa chini akabandika BARA. Ukitaka mzigo upande, bonyeza BARA. Ukitaka ushuke, PWANI.

"Hapo hata Mnyamwezi hapotei," akasema, akaenda msikitini.

Na mimi nikaziacha zile nyaya.

Naomba hapa mnielewe vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokuwa nakwepa wiki zote hizi. Juu kabisa kwenye winchi kuna swichi ndogo tunayoiita limiti. Ndoano ikifika mwisho, limiti inakata umeme, winchi inasimama yenyewe. Lakini limiti ya juu imefungwa kwenye njia ya mshale wa juu peke yake. Mota ikizunguka kinyume, unapandisha mzigo kwa mshale wa chini, na limiti inabaki pale pale inatazama. Ndoano itagonga winchi na mnyororo utaendelea kuvutwa mpaka kitu fulani kikatike.

Nilijua.

Sikuja kujua baadaye. Nilijua siku ile ile, nikiwa nimeshika kidude mkononi na tepu ya Kibwana haijakauka wino. Nilisema moyoni Jumatatu nitarekebisha. Jumatatu nikatumwa Usoke kwenye jenereta, nikakaa huko siku nne. Niliporudi, BARA na PWANI ilikuwa imeshakuwa sifa ya gereji. Wateja walikuwa wanaomba waoneshwe. Kurekebisha nyaya kulikuwa sawa na kwenda kumharibia mtu harusi, na mimi napenda kucheka nao, napenda kuwa mmoja wao, sitadanganya. Mwanamke kati ya mafundi saba ukipewa nafasi kwenye kicheko huiachii hivi hivi.

Nilimwonya? Ndiyo, nilimwonya. Nilimwambia: "Mzaramo, hiyo winchi itakuua, usije ukanisumbua kukuzika." Akanijibu, "Kichwa chini, sijasahau."

Hilo ndilo lilikuwa onyo langu. Mtu ambaye nimeshamuua kwa mdomo kila siku kwa miaka tisa, ningemwambiaje akajua kwamba leo nasema kweli? Ningeweza kumwita pembeni. Ningeweza kumwita "kaka Kibwana", angeshtuka akanisikiliza. Haikuhitaji chochote zaidi ya hapo.

Ilikuwa Jumanne, kabla ya saa sita mchana. Injini ilikuwa hewani, yeye ameinama anaangalia bolti moja ya kwenye trekta, kidole gumba kiko kwenye BARA. Hakuangalia juu kwa sababu mimi mwenyewe nilimfundisha, siku winchi ilipofika ikiwa bado kwenye boksi, kwamba ikifika mwisho inajikata yenyewe. Alikuwa ananiamini. Nilisikia mnyororo unakwaruza, nikageuka, nikafungua mdomo. Halafu mlio mmoja tu, na injini ikawa chini.

Alisimama karibu kuliko inavyotakiwa, hilo ni kweli. Nimejaribu mara nyingi kujificha nyuma ya kosa lake hilo. Halinitoshi.

Wenzangu walipokuwa wanambeba kumwingiza kwenye gari, mimi nilibandua ile tepu. Vipande vyote viwili. Sikumbuki kufikiri. Nakumbuka vidole vyangu vikitafuta ncha ya tepu kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayebandua bei kwenye zawadi. Nikavibandika ndani ya mfuniko wa boksi langu la spana.

Mkaguzi wa usalama kazini alikuja baada ya siku mbili, dada mpole mwenye daftari. Alikuta winchi imevunjika, nyaya zimekatika, vitufe vina mishale tu. Akauliza maswali. Mafundi walinitazama, kisha wakatazama viatu vyao. Akaenda hospitali kumsikiliza Kibwana, na Kibwana akamwambia kwamba yeye mwenyewe hakuwa makini, alipitiliza. Kuhusu bara na pwani hakutamka neno. Kwa hiyo kwenye daftari la yule dada kumeandikwa uzembe wa mwendeshaji, na jina la mwendeshaji ni Kibwana.

Nilikwenda kumwona na uji wa ulezi na uso niliouandaa njia nzima. Hata sijafika kitandani, akapaza sauti wodi yote isikie: "Huyu hapa! Wanyamwezi wamenila mguu! Mpagazi, umeubeba umeupeleka wapi?" Wagonjwa wakacheka. Muuguzi akacheka. Alikuwa amekatwa chini ya goti, bado analia akiguswa na shuka, na ananitafutia mimi pa kupumulia.

Na mimi nikacheka. Nikamwambia tumeuuza Sikonge kwa warina asali, wamefanya mzinga.

Jamani, utani ni mtamu sana kwa mtu mwoga. Yeye haruhusiwi kunikasirikia, na mimi sina mlango wa kuombea msamaha. Wiki sita tumechekana.

Sasa turudi kwenye leo.

Winchi mpya nimeifunga kama inavyotakiwa, na kila hatua ilinichoma. Nimepima boriti, nimebadilisha bolti zote. Nimehakikisha kile kibati cha mdomo wa ndoano kinafunga. Nimeunganisha ethi kwanza. Nimechora duara la njano sakafuni, ndani yake asiingie mtu mzigo ukiwa hewani. Kisha, bila mzigo wowote, nikagusa mshale wa juu kidogo tu.

Ndoano ikashuka.

Safari hii hakuna aliyecheka. Nikazima swichi kuu, nikang'oa fyuzi nikazitia mfukoni ili mtu asiwashe nikiwa juu, nikapanda, nikazibadilisha nafasi nyaya mbili, nikashuka. Nikabonyeza. Ndoano ikapanda, ikafika mwisho, limiti ikakata. Nikarudia mara tano, ikakata mara tano. Nikaangalia simu.

Dakika nane. Pamoja na kuhamisha ngazi.

Nilikaa juu ya ndoo ya oili nikalia mbele ya wanaume sita, na sijali. Mzee Nassoro, mwenye gereji, akapita akadhani ni uchovu. Akanishika bega. "Kazi safi, mwanangu. Kibwana angekuwa na robo ya umakini wako, leo angekuwa na miguu miwili. Nimeshaamua, huyo harudi hapa. Fundi mzembe ataniulia watu."

Nikasema, "Ndiyo, Mzee."

Nilisema ndiyo! Ulimi wenyewe ulisema. Miaka yake yote kwenye gereji ile, jina lake lote alilojijengea toka Urambo mpaka Nzega, na mimi nikaitikia kama naagizwa sukari.

Nikafungua boksi la spana, nikabandua zile tepu, nikaenda nyumbani kwake, Kitete.

Nilimkuta kibarazani, gongo la kutembelea liko ukutani, mkewe anachagua mchele. Akaniona kwa mbali. "Umefuata na wa pili?" Mkewe akaanza kucheka. Nikasema, "Kaka Kibwana, shikamoo." Tangu tujuane sijawahi kumpa shikamoo. Kicheko cha mkewe kikakatika, akanyanyua ungo akaingia ndani.

Nikamwekea tepu kwenye goti la mguu wake mzima. Nikamweleza kuhusu fezi, kuhusu limiti, kuhusu tepu na ukucha wangu. Nikamwambia alichosema Mzee na nilichoitikia. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama ananihurumia, na nikatambua kwamba mengi ya hayo alikuwa ameshayapanga mwenyewe kichwani. Alidhani nilipitiwa. Alimdanganya mkaguzi ili fundi aliyepitiwa asifukuzwe kazi.

Kisha akauliza, polepole, "Ulikuja kujua lini kwamba haitakata?"

"Siku ile ile."

"Ijumaa?"

"Ijumaa. Ulipokuwa unabandika."

Akaitazama tepu yenye neno BARA, mwandiko wake mwenyewe. Akaipitishia kidole. Nilingoja anitukane. Nilimwomba Mungu Kibwana anitukanie Wanyamwezi wote, wazee wetu na mizigo yao na njia yote waliyopita. Ningeinama nikayapokea.

"Zuhura," akasema. "Nenda nyumbani."

Basi.

Tepu zile alinirudishia. Ziko hapa mezani, nimezipiga picha, nimeiweka mwisho wa ukurasa huu kila mtu aione. Kesho saa mbili nitakuwa mlangoni kwa mkaguzi, na pale palipoandikwa jina la Kibwana nitaomba liandikwe langu. Kutoka hapo nitaenda kwa Mzee. Kama nitafukuzwa, nitafukuzwa.

Hilo ninaliweza. Ninachoshindwa ni hili lingine. Nimeingia ndani, nimekaa, na bado nalisikia jina langu lilivyotoka mdomoni mwake, kwa upole, kama anavyomwita mteja asiyemjua.