Jasho la Mwari

Jumamosi, 8 Februari 2025

Nimewekwa ndani leo. Chumba cha mama, dirisha limefungwa, pazia juu yake. Harusi Jumamosi ijayo, kabla Ramadhani haijaingia. Bi Mwanawetu, somo yangu, kungwi wa kunifunda, ndiye mwenye amri sasa — nile nini, nilale vipi, nioge lini. Simu kaichukua. Ati mwari haongei na bwana harusi.

Nimemweleza mapema kuhusu ngozi yangu. Kwamba nikitoka jasho tu mwili unawasha kama nimepakwa upupu, vipele vinatuna shingoni, kifuani, mapajani. Daktari wa Kibiti alisema ni aleji, jasho langu mwenyewe ndilo linaloiamsha, nikae penye hewa, nioge maji ya baridi. Bi Mwanawetu kacheka mpaka kashika ukuta. Kasema wanawake wa Rufiji wote wanalima mpunga juani, wangekwisha!

Jumatatu, 10 Februari

Singo asubuhi na jioni, nasuguliwa mwili mzima kwa karafuu na liwa. Singo haina neno. Shida ni kufukizwa. Naketi juu ya kigoda, chetezo cha udi chini, blanketi mpaka kichwani. Bi Mwanawetu anasema jasho likitoka ndiyo uchafu unatoka. Likaanza mgongoni — na moto ukafuata nyuma yake. Nikajikuna kwa kucha zote. Kanipiga mkono: utajichuna, weye! Nikalia humo humo ndani ya blanketi.

Wakadhani nalia kwa kuiacha nyumba yetu. Mama kapiga kigelegele.

Jumanne, 11 Februari

Vidonge vyangu vya aleji viko kwenye mkoba. Mkoba uko kwa Bi Mwanawetu. Mama kaniibia kimoja, kanipa na kitumbua. Nimesinzia mchana kutwa. Nilipoamka nikafukizwa tena.

Jumatano, 12 Februari

Balaa.

Shangazi Nasma kaja kutoka Salale, boti kisha gari, kaleta nguo za harusi. Huyu ni shangazi yake Miraji, mchumba wangu, ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Kaingia bila hodi, ndio kwanza natolewa kwenye blanketi. Khanga moja tu mwilini. Kaona yote.

"Hii ni nini?"

Hakuniuliza mimi. Kamuuliza somo yangu. Na Bi Mwanawetu, yule aliyecheka, kajibu kwa sauti ndogo kwamba hata yeye hakuambiwa kuwa mwari ni mgonjwa. Muongo! Nilifungua mdomo. Kanikanyaga mguu.

Shangazi hakukaa. Chai hakunywa. Nguo kaondoka nazo.

Miraji anajua. Vipele vilinitokea mbele yake, sokoni hapa Ikwiriri, jua la saa nane. Kanunua maji ya baridi, kanimwagia mikononi, watu wanatazama. Neno lake moja tu lingetosha. Lakini simu sina.

Alhamisi, 13 Februari

Wameelewana kwenye simu, mama na shangazi. Kesho nesi wa zahanati aje anikague mbele yao. Mimi nimeambiwa baada ya mambo kwisha.

Ijumaa, 14 Februari

Nesi Marsela kaja asubuhi. Mtu wa Songea, mpole. Leo sikufukizwa, nilikuwa nimetoka kuoga. Kafungua khanga — mwili laini! Hata kipele kimoja hakuna. Kaeleza taratibu kwamba ndivyo ilivyo. Vinakuja na jasho, mwili ukipoa vinaondoka. Haviambukizi mtu.

Shangazi Nasma kavuta midomo. "Juzi nimeviona kwa macho yangu. Leo hamna. Mmempaka nini?"

Nesi kaeleza tena.

"Basi atoe jasho. Tuone vikija, tuone na vikiondoka."

Marsela kasema hapana, huko ni kumtesa mtu bure. Nikamtazama mama. Mama katazama mkeka. Kisha kainuka, yeye mwenyewe, kaenda kuleta blanketi.

Humo ndani nilisikia wanazungumza habari za boti na maji kujaa. Kama sipo. Niliuma khanga ili nisijikune. Waliponifunua, vilikuwa vimejaa mpaka masikioni. Marsela kanimwagia maji, kanipepea na kipande cha boksi. Wengine wamekaa wananitazama kama chungu kilicho jikoni. Vikalala kidogo kidogo. Shangazi kanipapasa mkono, juu, chini.

"Kumbe vinaondoka."

Basi! Mama kauliza, kesho mnakuja? Shangazi kajibu ataongea na kaka zake.

Marsela ndiye aliyeniambia pole. "Pole, Sabra." Peke yake.

Mama kaja baadaye kukaa kitandani kwangu. Sikumgeukia.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeshavalishwa. Nguo zimeletwa na kijana wa bodaboda, bila salamu yoyote. Gauni la satini, mikono mirefu, shela. Umeme umekatika, feni imesimama. Uani watu wamejaa, ngoma inapigwa. Kutoka Salale hakuna aliyepiga simu. Mama anamwambia kila anayeuliza kwamba maji yalikupwa, boti imechelewa.

Bi Mwanawetu kaleta chetezo, ati nifukizwe cha mwisho. Nimesema hapana. Kaendelea kupuliza makaa.

Magari! Vigelegele. Mama katoka mbio, karudi, uso wake siuelewi. Kasema Miraji kaja. Yuko barazani na shehe. Lakini shangazi yake anataka kuingia huku kwanza, peke yake, anitazame mwili. Ndoa haifungwi mpaka atoke.

Mama ananipepea kwa sahani. Upepo haufiki. Ananiambia nisitoke jasho. Mwanangu, nakuomba, usitoke jasho. Kama naweza kujizuia!

Satini imeshaganda mgongoni. Nasikia kandambili za shangazi ukumbini, anakuja polepole. Shingoni pameanza kuwasha —