Picha Inayopotea Ukutani

Mwanangu,

Sisi wazima, na mguu wangu umepona. Ile filamu iliyopigwa sebuleni kwetu kwa ruzuku ya filamu za nchini, sasa iko mtandaoni. Hata huko uliko itazame kwenye simu, uone kochi letu lilivyokuwa staa!

Watazamaji wanacheka kosa moja: picha yako ukutani inaonekana, inapotea, inaonekana tena. Mwongozaji alikuwa akiishusha. Wakienda kunywa chai, inarudi. Akawagombeza mafundi wake bure. Mimi nilimjua mkosaji, nikazidi kuwamiminia chai.

Ni baba yako, yule yule aliyeapa ulipoondoka kwamba hana mtoto tena. Alikuwa akipanda kiti, na goti lake bovu, anakurudisha mahali pako.

Chumba chako nimekifagia.

Mama yako