Haki Zote Zimehifadhiwa

Kilifi, 9 Machi 1986

Kwa wifi yangu Zuleikha, Shella, Malindi.

Assalamu alaikum. Hujambo wifi, na mama hajambo? Miguu yake imetulia baada ya shughuli ile? Mpe shikamoo yangu, na umwambie Mahadhi mwanawe ni mzima. Kiwanda cha korosho kinamla mgongo, lakini tumbo halijalalamika.

Wifi, harusi ya Batuli wako haijanitoka masikioni. Nilipita dukani kwa Bwana Kalama kuzichukua kanda zetu za harusi, yako na yangu, na kwa haraka ya basi nikaja nazo zote mbili mpaka huku. Yako nimempa jirani anayekuja Malindi, utaipata pamoja na barua hii. Yule msichana wake wa kurikodi, Kadii, kazi anaijua. Pembe za vugo, ngoma yetu ya harusi, zinasikika moja moja, vigelegele, halafu mama anaingia na wimbo wake: "Nimekupa radhi zangu, chukua uende nazo." Mwenzangu, nililia na mwiko mkononi. Na wewe unasikika kule nyuma ukiitikia, kunguru mtupu! Usinune, wifi kwa wifi hakuna kesi.

Najua ulikuwa na wasiwasi, kwa kuwa uani siku ile wanaume walitolewa wote, na mama tangu baba afariki haimbi penye wanaume. Ondoa shaka. Tazama ubavuni mwa kanda pameandikwa: "Haki zote zimehifadhiwa." Hata kwenye risiti niliyotia sahihi yamo maneno hayo hayo. Nilimuuliza Kalama, "Zimehifadhiwa kweli?" Akanijibu, "Zote, mama, hakuna hata moja iliyobaki nje." Basi imehifadhiwa, na aliyekwenda kuichukua ni Hafidha. Wataka hifadhi gani tena?

Mwisho wa upande wa pili sijaufikia. Kila nikiiweka, Mahadhi huyo anaingia, nami nazima, maana wanawake wa watu wamo humo.

Wifi yako,
Hafidha


Shella, Malindi, 20 Aprili 1986

Kwa wifi yangu Hafidha.

Waalaikum salaam. Sisi hatujambo, mama naye hajambo, Batuli kwake salama. Natumai nanyi mu wazima.

Barua hii nimeiandika nikaichana, nikaiandika tena. Juzi nimekwenda sokoni kununua nazi. Nikasikia pembe. Nikajiambia, harusi ya nani mchana huu? Kumbe ni redio ya kanda ya muuza kahawa, na wanaume wamejaa kwenye benchi, vikombe mkononi, wanatikisa miguu. Na sauti ni ya mamangu. Mmoja akasema, "Bibi huyu ana koo!" Wengine wakacheka. Nilijifunika buibui usoni kama mwizi, nazi sikununua.

Nikaenda moja kwa moja kwa Kalama. Kanda zimepangwa dirishani, zimeandikwa "Bi Mwanaate na Wenzake". Jina la mama, wifi, dirishani! Nikamwambia hiyo ni harusi ya mwanangu na hiyo ni sauti ya mamangu. Akatoa risiti yenye sahihi yako, akaweka kidole pale pale: haki zote zimehifadhiwa. "Maana yake haki ni za duka," akasema. "Nyinyi mlilipia kanda, hamkulipia sauti." Nikamuuliza, "Na wewe hiyo sauti uliinunua kwa nani?" Akasema, "Masharti ni masharti, bibi. Wifi yako alikubali."

Kumbe kuhifadhi kwao ni kujiwekea! Na wewe ukasimama pale ukamuuliza kama zimehifadhiwa, usimuulize ni haki za nani. Hafidha, jina lako ni la mlinzi. Umelinda nini?

Mama bado hajui. Nitamwambiaje?

Wifi yako,
Zuleikha


Kilifi, 4 Mei 1986

Kwa wifi yangu Zuleikha.

Assalamu alaikum. Twashukuru Mungu kwa afya. Nakuombeeni nyote heri, hasa mama.

Nimesoma barua yako. Nisamehe, wifi. Nililiona neno la Kiswahili nikalisoma Kiswahili cha nyumbani kwetu. Ukisema umenihifadhia kitu changu, basi ni changu, nawe ni wa kunitunzia mpaka nije. Sikujua kuna Kiswahili kingine cha madukani.

Lakini nami nitasema. Uliponituma hukuniambia nisome kama wakili. Na hata kama nilitia sahihi mia, sahihi yangu yawezaje kuuza koo la mtu mwingine? Mimi si mwenye sauti, wewe si mwenye sauti, na Kalama ndiye kabisa. Mwenye sauti ni mama. Umemuuliza? Pengine atasema zichomwe zote. Pengine atasema msikilize wanawake peke yenu. Mimi sijui, na wewe hujui.

Tafadhali, kabla hujafanya lolote, isikilize kanda yako mpaka mwisho, kisha mkalishe mama umuulize ataka nini. Nakujua wewe, ukipandwa na hasira hungoji hata chai ipoe.

Wifi yako,
Hafidha


Shella, Malindi, 16 Mei 1986

Kwa wifi Hafidha.

Ramadhani njema kwenu. Funga inakwenda, afya zetu njema, mama anafunga kama kijana.

Jambo limekwisha. Wanawake wa Shella tulikutana tukakubaliana: harusi zote za mfungo mosi, baada ya Idi, asiitwe Kalama, wala Kadii asiingie uani kwa mtu. Kalama alicheka. Baada ya wiki akaja mwenyewe mlangoni, kofia mkononi. Zile za dirishani akanipa zote, na kanda mama yenyewe, ile ya kunakilia, akaifuta mbele ya macho yangu. Nilikaa kwenye kigoda mpaka mashine ikasimama. Masharti yake yamebaki ukutani, lakini wimbo hayana tena.

Zilizokwisha nunuliwa nimezifuata nyumba kwa nyumba. Watu wakanirudishia, Mungu awalipe, isipokuwa mmoja, Bwanamkuu, mwenye hoteli ya chai kule Ngomeni. Nilikwenda mpaka kwake. Akaniambia, "Bibi, mimi sikuiba. Nimeinunua dukani kwa haki, ni mali yangu. Mwenye kosa ni aliyeuza." Nikamwambia, "Stara ya mwanamke haiuzwi, kwa hivyo hukununua kitu." Akainama, lakini kanda hakutoa. Kila mtu siku hizi ana haki isipokuwa sisi.

Yangu nimeitia moto jikoni. La, sikuisikiliza, sitaki kuisikia tena. Na unaniambia nimuulize mama? Mambo ya stara hayaulizwi, wifi, yanajulikana. Nimemweleza yote yalipokwisha. Akasema, "Haya," akaendelea kuchambua mchele wake.

Iliyobaki ni yako. Nirudishie.

Zuleikha


Kilifi, 1 Juni 1986

Kwa Bi Zuleikha.

Salamu. Sisi ni wazima.

Kanda yako hiyo hapo.

Hafidha, mke wa Mahadhi


Shella, Malindi, 11 Februari 1987

Kwa wifi yangu Hafidha.

Assalamu alaikum warahmatullahi. Nakuamkia wewe na ndugu yangu na watoto. Najua ni miezi mingi hatuandikiani, na simu ile ya kumwita Mahadhi ilikuwa ya haraka, hata salamu sikukupa. Amekuja amemwona mama na amerudi, atakuwa amekueleza. Mimi nakueleza asiyoyaona yeye.

Kiharusi kimemshika upande wa kulia. Chakula anakula, watu anawajua, akili ni ile ile. Ila ulimi umekufa. Mamangu, aliyekuwa akiita mtu kutoka uani mpaka msikitini wakamsikia, sasa anatoa upepo tu.

Na kuna hili. Kila asubuhi ananionyesha redio kwa mkono wa kushoto. Naiwasha. Anatikisa kichwa. Nabadilisha, anatikisa kichwa. Kisha anagusa koo lake. Redio, koo. Redio, koo. Siku za kwanza sikufahamu, nikampa maji. Jana Batuli alikuja kumtazama bibi yake, na mama akamshika kidole akakipaka kwa kidole chake, kama anayempaka hina. Hapo nikafahamu: anataka wimbo wake wa harusi. Nilikwenda jikoni nikalia, pale pale nilipoichomea kanda.

Wifi, ile yako uliyonirudishia niliichoma nayo. Nisikufiche. Sijui ninakuandikia unisaidie nini.

Wifi yako,
Zuleikha


Kilifi, 16 Februari 1987

Kwa wifi yangu.

Waalaikum salaam warahmatullah. Mungu amponye mama, amin, na akupe wewe subira. Nimefurahi uliponiita wifi, na nimesikitika kwa kilichokufanya uniite.

Kuna neno nalikalia tangu mwaka jana. Mama alipokuja kukaa kwetu mfungo mosi, siku moja tunakuna nazi, aliniuliza, "Kweli Zuleikha amechoma zote?" Nikamwambia zote. Akasema, "Mimi mwenyewe sikuisikia hata mara moja. Kila mtu ameisikia, mpaka muuza kahawa. Mngeniuliza tu." Basi, akaendelea kukuna.

Ningekuandikia siku ile ile. Lakini nilikuwa nimekununia, nikasema moyoni, aache ajue mwenyewe. Najuta, wifi. Ubaya wangu umezidi wako. Wewe ulifanya kwa hasira, mimi nilinyamaza kwa makusudi. Siku zile koo lake lilikuwa zima, tungekaa naye uani akaimba upya, tukairikodi sisi wenyewe tukafungia sandukuni. Ile "Haya" ya mama hatukuijua, sote wawili. Tulidhani ni ndiyo.

Yule wa Ngomeni alikataa kukupa. Huenda bado anayo. Nenda, wifi. Usiende na maneno ya haki ya nani. Nenda uombe.

Wifi yako,
Hafidha


Shella, Malindi, 1 Machi 1987

Kwa wifi yangu mpenzi, Hafidha.

Assalamu alaikum. Mama ni vile vile, Alhamdulillahi. Mimi ni mzima wa mwili. Nawe na watoto, natumai hamjambo.

Nimekwenda Ngomeni. Bwanamkuu alinijua nikiwa bado mlangoni. Nikamwambia, "Kakangu, nilikuja kwako na ukali, leo nimekuja na shida." Nikamweleza. Hata chai aliyokuwa akimimina aliiacha. Akaniambia, "Dada, ulipoondoka siku ile sikuweza tena kuisikiliza. Kila nikiiweka naona uso wako. Kuirudisha nilikataa, ni kweli, nilikuwa nimeinunua. Lakini nikairikodia mpira wa redioni juu yake, ili wimbo wa mamako usisikike tena hapa." Wifi, mtu yule alinitii! Katika wote, yeye niliyemlaani njia nzima ndiye aliyenitii, na laiti angekuwa mbishi wa kweli.

Alinipa hata hivyo, na pesa akakataa. Nimeirudisha nyumbani nikaiweka, upande wa kwanza mpira, upande wa pili mpira, mtangazaji anapiga makelele, mama ananitazama kama nimerukwa na akili. Nilikuwa nataka kuzima. Nikakumbuka uliniambia nisikilize mpaka mwisho, nikaiacha.

Mpira uliisha kabla ya kanda. Pembe moja ikalia, ikanyamaza. Halafu mama, karibu kabisa, anahema bado: "Imenasa? Ee? Basi na wasiokuja nao wasikie. Haya, zima, mwanangu." Na kicheko cha Kadii. Basi.

Wifi, alikwisha kusema. Ruhusa ilikuwamo, kwa ulimi wake mwenyewe, na mimi nikaitia motoni bila kuisikiliza. Kama alikusudia na wale wa benchi la kahawa sijui, na wa kumuuliza sasa hajibu. Kalama alisema haki ni zake, Bwanamkuu akasema ni zake, mimi nikapigana nao nikidhani ni zangu.

Mama aliposikia alicheka kwa nusu ya mdomo, machozi yakamtoka kwa jicho moja. Akaonyesha nirudishe. Narudisha, tunasikiliza, narudisha. Kila "zima, mwanangu" ikipita anainua kidole, anangoja wimbo uanze. Namwambia, "Mama, haupo." Anangoja.

Leo asubuhi nikamwimbia mimi, kunguru wako. Nimekupa radhi zangu, chukua uende nazo. Nilipofika hapo nikakwama, akatikisa kichwa, akanionyesha niendelee. Sijui unavyoendelea. Nimewauliza wanawake wote waliokuwa uani, kila mmoja ana kipande na hakuna vinavyoungana. Wewe uliisikiliza kanda jikoni kwako kuliko mtu yeyote.

Njoo upesi, wifi. Mimi najua mistari miwili tu.

Wifi yako,
Zuleikha