Kutolewa kwa Mwaisha

Jumanne, 1 Agosti 1911
Nimefika Mgeta mchana. Gazeti linataka habari za sherehe ya mwali – fupi, yenye furaha. Nimepewa chumba kwa Mwinjuma, mjomba wa mwali mwenyewe. Mwali, Mwaisha, yuko chumba cha pili. Amewekwa ndani tangu masika ya mwaka juzi. Dirisha limezibwa kwa udongo. Jua halimpati, kazi hafanyi. Kula tu – uji wa karanga, asali, kuku. Jumamosi atatolewa, aolewe na akida Salum. Akida anataka mke mnene, mweupe.
Ukutani nasikia anavyohema. Kama mtu anayepanda mlima. Naye amekaa.

Jumatano, 2 Agosti
Pili, kungwi wake, katoka na bakuli tupu, anajisifu. Mwali kanenepa mpaka miguuni: ukimbonyeza, kidole kinazama, shimo linabaki. Wanawake wakapiga vigelegele.
Shimo kama hilo nililiona Kilosa, mguuni kwa askari mmoja. Daktari alisema ni moyo. Tulimzika wiki ileile.
Nimemwambia Mwinjuma: mtoe leo, aote jua, ateremshwe Morogoro kwa daktari. Kacheka. "Nimemlisha mavuno mawili, bwana mgeni. Leo nimtoe jua limchome, nimpeleke kwa akida akiwa mweusi kama chungu?"

Alhamisi, 3 Agosti
Mwaisha kasema nami kupitia ukuta. Kwa desturi mwali haongei na mwanamume. Maneno mawili mawili, kisha pumzi. "Kaka mgeni, mwambie mjomba – mifupa inaniuma. Nikisimama, nyonga zinakataa."
Pili alimsikia. Kofi. Kisha uji.

Ijumaa, 4 Agosti
Nimemwambia Mwinjuma tena: hawezi kutembea.
"Atembee aende wapi? Mwali hubebwa."
Kweli, hutoka nje juu ya mabega. Lakini uwanjani hushushwa, acheze mbele ya mume.
"Akisikia ngoma, atacheza."

Jumamosi, 5 Agosti
Naandika barazani, uwanja uko mbele yangu. Kwa kawaida mwali hubebwa na mtu mmoja. Leo wamembeba watu wawili, na watu wameushangilia uzito huo. Uso umevimba. Midomo ya zambarau. Macho kafumba, jua linamuumiza.
Wamemshusha. Miguu imekunjika. Ameketi vumbini, kichwa chini.
"Ana haya huyo!" kasema Pili, na vigelegele vikamjibu. Mwali aliyefunzwa vizuri hakurupuki kucheza, husihiwa kwanza. Basi wanamsihi.
Nimemwendea Mwinjuma. Kanisukuma kando: "Usimharibie mtoto siku yake."
Akida Salum karidhika. Kasema wenzake waliotolewa mwaka jana walikuwa na haraka mno ya kucheza, huyu ana adabu.
Ngoma hainyamazi mpaka mwali acheze. Kichwa chake kimelala gotini kwa Pili. Pili anamfuta jasho, anaimba. Wapigaji wa kwanza wamechoka. Wamekuja wengine.