Kunyamaza kwa Bibi Tufaha

Zuwena, mke mwenzangu,

Mwaka wa nne huu hujatia mguu Maskati. Umevunjika miguu, au umesikia nshakufa? Huna haya mwana weye. Goti la mama yako likoje? Akikwambia limepoa usimwamini, mtazame akiinuka. Mie mzima, ila sukari yanipanda, na mjomba wako Khalfan hapa Mabela kanificha halwa.

Sasa nikugombeze.

Khalfan kanisomea ulichomtumia kwenye simu. Umekaa huko kazini kwako kwenye nyaraka, umefungua kitabu cha mikutano cha wale Wazungu wanaojiita Marafiki, waliokuja Pemba kupigania watumwa waachwe huru, ukamkuta bibi yangu Tufaha. Wameandika kwamba mwanamke mtumwa kaja na mtoto mgongoni, kakaa kimya pamoja nao ibada nzima, kaguswa na Roho. Nawe unataka kutia kwenye kitabu unachokiandika kwamba alikuwa mfuasi wao wa mwanzo.

Mfuasi wa nani, weye?

Khalfan naye anatetemeka. "Mama, mwambie alifute lote! Kule ofisi za serikali Al Khuwair watatuuliza sisi kina nani, wajukuu wa mtumwa?" Nikamwambia, "Waambie wajukuu wa mwanamke aliyekwenda kwa miguu kuudai uhuru wake. Wewe msikiti uko hapo, unakwenda na gari." Kanuna tangu juzi. Na anune.

Bibi Tufaha alinihadithia mwenyewe, akinisuka nywele. Alitoka shamba la karafuu alfajiri na umande, akasikia Marafiki huwasindikiza watu kwa hakimu wakapate karatasi ya uhuru. Akafika, akapiga hodi, akaonyeshwa benchi. Watu kimya. Mgeni wa kwetu hatoi shida yake mpaka mwenye nyumba amwambie lete khabari, basi akangoja. Kumbe wenzake ibada yao ndiyo huko kunyamaza! Wakamwona naye kanyamaza, wakafurahi. Mtoto akalia, akamnyonyesha, akangoja tena. "Nikasema moyoni, watu gani hawa, hata maji?" Mwisho wakapeana mikono, wanataka kutoka. Ndipo alipowazibia mlango: "Hapiti mtu! Nimekuja kutaka karatasi yangu!"

Hilo liko kwenye kitabu chao? Haliko.

Wallahi siwatukani. Walimpeleka kwa hakimu na karatasi akapata, Mungu awalipe. Lakini mkutanoni aliingia Muislamu, akatoka Muislamu, na kafa Muislamu, mimi namshika mkono. Usimfute kama atakavyo Khalfan, wala usimvike dini ya watu. Na wewe msomi umefanya yale yale: umemkuta kanyamaza, ukamsemea. Mie niko hai, simu unayo. Umeshindwa kuniuliza?

Nimekuandikia kwa herufi za Kiarabu, zile za chuo cha Kurani, maana skuli sikwenda hata siku moja. Kama ushazisahau, mpelekee mwalimu wako wa chuo akusomee, na akucheke.

Nisalimie mama yako, na shangazi yako mshonaji, na yule jirani mwenye mdomo. Mwambie nampenda hivyo hivyo.

Kitabu chako kisichapishwe mpaka uje. Ukija, ulete picha ya ukurasa ule, ukae mbele yangu. Maji ntakupa. Kisha uniulize weye, maana mie ntanyamaza, nakungoja.

Bibi yako, nnakupenda na nna hasira nawe,
Zeyana