Mwalimu wa Kwenye Kompyuta

Timbwani, Jumamosi, 1999

Likoni nzima wanajua mimi ndiye niliyemkimbiza mwalimu darasani, wallahi, mpaka akaomba uhamisho. Nyumbani anayeniamini ni Rukia peke yake, binti wa dada yangu. Leo kanipeleka saiba nicheze mchezo wa intaneti: mwalimu mkali akigeukia ubao, unampaka gundi kitini. Maajabu. Watu wameunda mashine ghali hivyo kufanya utundu tuliofanya sisi bure.

"Haya mjomba, waonyeshe," akasema Rukia. Wenzake wakasogea.

Nikapaka. Mwalimu akageuka ghafla, akanikodolea macho, fimbo mkononi.

Nimewaambia mashine iliharibika, lakini walikuwa wamekwisha kuniona. Nilisimama wima, mikono nyuma, nikaiamkia kompyuta: "Shikamoo, mwalimu."